Shina Ndani ya Shina

Mgeni wangu alikuwa amekariri uongo wangu wote, pamoja na mikato na nukta zake.

"'Mmea wa kudumu wa mahali penye majimaji,'" alianza, amesimama wima katikati ya hebaria, ghala letu la mimea iliyokaushwa, kama mwanafunzi siku ya mkaguzi. "'Wa familia ya mnanaa. Kimo sentimita sitini hadi tisini. Shina lina pembe nne na uwazi ndani. Majani yanakaa mawili mawili yakitazamana, kila jozi ikikatiza jozi iliyo chini yake. Bapa lina umbo la mkuki, ukingo una meno kama ya msumeno. Likifikichwa hutoa harufu kali, kati ya limau na karafuu. Maua ni ya samawati...'"

"Inatosha, mama," nikasema.

"'...yamesongamana kwenye ncha ya shina kama suke. Petali zimeungana kuwa bomba lenye midomo miwili, wa juu mfupi, wa chini umejikunja kama mtumbwi. Stameni nne. Mbegu nne katika kila ua. Haujulikani kuota mahali pengine popote duniani isipokuwa kinamasi cha Rwabihara.'" Akavuta pumzi, akatabasamu. "Hiyo sentensi ya mwisho, Daktari Hidaya, chuoni tulikuwa tunaisema darasa zima kwa pamoja."

Nikacheka. Mimi ni mtu wa kucheka. Nimefukuzwa kazi mara mbili na kuachwa na mume mara moja, na mara zote tatu nilitoka mlangoni nikicheka. Ila kicheko cha asubuhi ile kilinitoka kama kikohozi.

Aliitwa Atugonza, afisa wa Orodha ya Viumbe, mwanamke wa miaka thelathini na moja hivi, mwenye suti iliyopigwa pasi hadi mikunjo ingeweza kukata mkate. Alikuwa amekuja na sanduku dogo. Akaliweka juu ya meza yangu, kati ya makabati ya chuma na harufu ya vidonge vya kuzuia wadudu, akalifungua kwa heshima kama anayefungua Biblia.

"Hiki ndicho Kidole," akasema.

Nilikuwa nimekisikia. Kifaa chembamba, si kikubwa kuliko bomba la sindano, kichwani kina ncha ya kioo. Unakigusisha kwenye kipande cha mmea, hata uwe umekaushwa miaka mia, kinasoma urithi wake na kukuambia ni nani na ndugu zake wako wapi.

"Tunapitia vielelezo mama vyote mwaka huu," Atugonza akaendelea. "Ile karatasi ya kwanza kabisa ambayo jina la mmea limefungwa kwayo. Chako ni cha mia nne na kumi na mbili. Mwandishi mwenyewe, akiwa hai, ndiye anayechagua sehemu ya kugusa. Jani, ua, shina, vyovyote."

"Na kama mtu hawezi kuchagua?"

"Wengi wanasaga vyote pamoja kidogo kidogo kwenye kinu. Ni rahisi zaidi." Akanionyesha kinu cha kioo, kidogo kama kikombe cha kahawa. "Hakuna tofauti, si mmea ni mmoja? Kidole chenyewe hakijui kutenganisha, kinasoma ulichokipa. Kikikuta kitu ambacho hakifanani na chochote kwenye Orodha, kinathibitisha. Na kikithibitisha, basi. Hakuna mtu atakayeugusa tena mmea wako."

Alilisema hilo kunipa moyo.

Inabidi nieleze maji, kwa ajili ya watakaosoma haya wakiwa mahali ambapo mvua bado ina adabu. Baada ya miaka ile ya ukame, wanadamu tuliacha kugawana mito, kwa sababu tulikuwa tumefika mahali pa kugawana mapanga. Kazi akapewa Mgawaji, mashine isiyo na mjomba wala shemeji. Mgawaji hufungua na kufunga malango ya maji kwa kufuata Orodha. Mahali penye kiumbe kisichopatikana pengine duniani hunywa kwanza. Wengine hunywa kinachobaki. Ikiwa hakibaki, wanahama.

Rwabihara walikuwa wananywa kwanza kwa miaka ishirini na tatu. Kwa ajili ya ukurasa mmoja na nusu niliouandika mimi.

"Unatoka wapi, Atugonza?" nikauliza, kwa vile nilitaka tuzungumze kitu kingine, chochote.

"Kwetu Kyanyamisa," akasema, akifuta ncha ya Kidole kwa kitambaa. "Hupajui. Siku hizi hapajulikani."

Nilipajua. Kwenye ramani ya malango kuna mto mmoja unaogawanyika mara mbili. Mkono wa kulia unakwenda Rwabihara. Mkono wa kushoto, tangu mwaka ule, umechorwa kwa nukta, alama ya mto uliokauka.

*

Sheria inataka shahidi kutoka makao ya kiumbe. Shahidi wa Rwabihara alikuwa Kokubanza, na alikuwa amefika tangu saa mbili na kikapu cha samaki wa moshi, akamtia mlinzi wangu njaa kwa makusudi. Ana miaka hamsini na minane, amenizidi minane, na hajawahi kunisamehe hata mmoja.

Nilimkuta nyuma, kwenye chumba cha kukaushia mimea, ameketi karibu na joto la majiko kama yuko kwake.

"Umenenepa, Daktari," akasema. "Mmea wetu unakulisha vizuri."

"Na wewe umezeeka, dada."

"Nimezeeka kwa maji safi, ngozi haijui." Akanikumbatia. "Akina Hidaya, wajina wako, wanakusalimia. Wamefika sita. Wa sita kabatizwa Pasaka. Mchungaji kauliza, hili jina la upande gani? Nikamwambia la upande wa maji, waitu, ndugu yetu, batiza tuondoke."

Nilikaa chini. Nikaangalia trei za majani zilizopangwa kwenye majiko, nikazihesabu, nikazirudia.

"Dada, kuna jambo."

"Unalo siku nyingi," Kokubanza akasema. "Kila ukija Rwabihara, tukitaka kukutandikia nyasi sebuleni unakataa. Unasema mafua. Mtu gani anaugua mafua miaka ishirini na tatu?"

Basi nisimulie hapa, kwa kuwa yeye alikuwa anajua tayari na mimi ndiye niliyekuwa najificha.

Huko kwao nyumba yenye mgeni wa heshima hutandikwa nyasi mbichi sakafuni, na nyumba ya harusi hutandikwa nyasi pamoja na mafundo ya maua. Kinamasi kina mmea mmoja wenye harufu ya kumlevya mtu, lakini ua lake ni dogo, halina sura. Kina mwingine wenye ua la samawati la kupendeza, lakini haunuki chochote. Yote miwili ni ya familia ya mnanaa. Yote ina shina la pembe nne. Wanawake wa Rwabihara huukata ule wa harufu chini kidogo ya kichwa, wakachomeka shina jembamba la ule wa ua ndani ya uwazi wa shina la mwenzake. Pembe nne ndani ya pembe nne. Linakaa kama ufunguo. Juu ya kiungo wanakunja jozi ya majani, mambo yamekwisha. Chumba kinanukia na macho yanashiba.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Profesa wangu alikuwa amenipa mwezi mmoja wa kuleta kitu kipya au nitafute kazi nyingine. Mvua ilinyesha wiki tatu. Kinamasi kilikuwa na ruba, na mimi naogopa ruba kuliko dhambi. Siku ya ishirini na nane nilialikwa harusi ya mdogo wake Kokubanza, na pale sakafuni, nikiwa na sahani ya ndizi mapajani, nikauona. Ua la huyu kwenye majani ya yule. Nikaweka mafundo matatu kwenye mkoba wangu, nikayabana kwenye karatasi usiku uleule, na kwenye lebo nikaandika kwamba nimeyakusanya mwenyewe, majini, kusini mwa kinamasi.

"Ulijua lini?" nikamuuliza.

"Mimi? Siku uliyoleta ile picha kubwa ukaibandika ofisi ya kijiji. Nikasimama mbele yake. Nikasema, he! Hili si fundo la harusi ya mdogo wangu? Hata ile jozi ya majani niliyoikunja vibaya ipo." Akapiga paja. "Nikadhani wasomi mna namna yenu. Labda kwenu viwili vikichomekana vinakuwa kimoja. Kisha lango likafunguliwa, maji yakaja, nikafunga mdomo."

"Na ule mmea mnaotuma kila mwaka? Wa kuonyesha bado uko hai?"

"Natengeneza mwenyewe. Napaka utomvu kidogo kwenye kiungo, nakandamiza. Wa mwaka juzi ulikuwa mzuri kuliko wa Mungu."

Nilicheka. Nilicheka hadi machozi, na katikati ya kucheka nikasikia aibu imepanda kutoka miguuni kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa. Mwanamke mwadilifu kuliko mimi alikuwa amefanywa mghushi kila mwaka, kwa ustadi, kwa ajili ya kuunga mkono ghushi yangu.

"Wewe ulijua lini?" akauliza.

"Mwaka wa tatu. Gundi ilikauka, ua likalegea. Nikaona kiungo."

"Ukafanyaje?"

"Nikabandika kipande cha karatasi juu yake."

"Kumbe tuko wawili," Kokubanza akasema. Akapunguza sauti. "Sasa sikiliza. Yule binti amesema mnaweza kusaga. Ingia ndani, usage. Kaya mia mbili na arobaini, Hidaya. Mwanangu ana mabwawa matatu ya samaki. Nikirudi bila maji nitawaambia nini?"

"Yule binti ametoka Kyanyamisa."

Kokubanza akaanza kukipanga upya kikapu chake, samaki wa juu chini, wa chini juu.

"Kwani Kyanyamisa bado kuna watu?" akauliza.

*

Atugonza alikuwa ameandaa kila kitu. Kinu kilikuwa katikati ya meza juu ya kitambaa cheupe, na kando yake kielelezo changu ndani ya jalada jekundu. Alikuwa hajaligusa jalada. Alitaka nilifungue mimi.

Nikalifungua. Miaka ishirini na tatu, na samawati ilikuwa bado inaonekana kwenye ua, imefifia kuwa rangi ya sare iliyofuliwa sana. Pale katikati ya shina palikuwa na kile kipande cha karatasi, upana wa kucha.

Nisikudanganye kwamba sikushika mchi. Niliushika. Ulikuwa mwepesi kabisa. Kipande cha jani, kipande cha petali, mizunguko kumi ya mkono, na ningezikwa kwa heshima na akina Hidaya sita wangeshika mashada. Nilimwangalia Kokubanza. Alikuwa ametazama ukutani, midomo imebana, kama mtu aliye kwenye kiti cha daktari wa meno.

"Atugonza," nikasema, "wewe kwenu kulikuwa na mmea gani?"

"Kwetu?" Akacheka kidogo. "Hakuna wa maana. Mafunjo. Magugu ya kawaida tu."

Nikaweka mchi chini. "Niletee sahani mbili," nikamwambia. "Za kuwekea sampuli."

"Mbili?"

Nikachukua kisu kidogo, nikaingiza ncha chini ya kile kipande cha karatasi, nikakibandua. Kisha nikashika ua kwa vidole viwili, nikavuta. Lilitoka bila kelele, kama kalamu inavyotoka kwenye kifuniko chake.

"Imevunjika!" Atugonza akaruka. "Pole, Daktari, usijali, tutaandika ni uchakavu, vielelezo vya zamani huwa..."

"Haijavunjika," nikasema. "Haikuwahi kuwa kitu kimoja."

Nikamweleza. Harusi, sahani ya ndizi, mafundo, lebo, gundi, kipande cha karatasi. Nilijaribu mara moja kutia mzaha katikati, kuhusu ruba, na ule mzaha ukaanguka mezani na hakuna aliyeuokota. Niliacha jambo moja tu: nani anatengeneza mimea ya kila mwaka. Kokubanza akaisema mwenyewe, bila kuulizwa, akiwa bado ametazama ukuta.

Atugonza akagusisha Kidole kwenye jani. Kikalia. Mmea wa kawaida. Nchi kumi na moja. Akakigusisha kwenye ua. Kikalia tena. Nchi kumi na tisa, ikiwa ni pamoja na mitaro ya barabarani.

Akakaa. Suti ile nadhifu ikakunjika pote.

"Nilikuwa na miaka minane walipofunga lango letu," akasema. Hakuwa ananiambia mimi, alikuwa anaiambia meza. "Watu walitaka kwenda kulivunja. Baba aliwazuia. Alisema, kule kwa wenzetu kuna kiumbe kimoja tu duniani, kikifa hakirudi. Sisi tukihama tutarudi. Alikuwa ameukata ukurasa wako kwenye gazeti, akaubandika mlangoni ndani. Ndipo nilipousomea." Akanyanyua macho. "Alihama kwa fahari, Daktari. Unaelewa? Baba yangu alibeba kitanda kichwani akiwa na fahari."

Nimetukanwa na watu hodari. Sijawahi kusikia neno lililonikalia mwilini kama lile la fahari. Nilitafuta pa kuweka mikono yangu, nikakosa. Nilitaka kusema samahani, nikaona ni neno dogo, lingeonekana kama naomba na mimi nihurumiwe.

"Andika," nikasema. "Andika kwamba jina limefutwa na mwandishi."

Akaandika. Aliandika vizuri kwenye kibao chake cha kielektroniki, hakuruka sehemu. Kuhusu mimi kulikuwa na aya mbili, kupoteza kazi yangu na mengineyo, nikatia sahihi bila kuzisoma. Kisha akageuza kibao kuelekea kwa Kokubanza.

"Shahidi aweke dole gumba. Bila hivyo Mgawaji hapokei."

Kokubanza akaficha mikono kwenye kwapa.

"Siweki."

"Mama..."

"Siweki, mwanangu. Huyu amefanya kosa lake, ametubu lake, arudi na wema wake nyumbani alale. Mimi nikiweka dole nimewakausha watu wangu. Mjukuu wangu hajawahi kuona ardhi imepasuka, anadhani ni hadithi."

Atugonza hakubishana. Angeweza kumtisha, ile mimea ya kila mwaka ni kosa la jinai. Hakutaja. Alikiacha tu kibao pale mbele yake.

"Baba yako yuko wapi?" Kokubanza akauliza hatimaye, kwa ukali, kama anayedai.

"Alifariki. Mjini. Alikuwa analinda duka la mtu."

"Mlikuwa mnakaa upande gani wa Kyanyamisa?"

"Chini ya kanisa. Ng'ambo ya kijito."

"Kijito gani?"

Atugonza akafungua mdomo. Akaufunga. Nikaona anatafuta, macho yanakwenda huku na huku, anatafuta jina la kijito cha kwao, na halipo. Miaka ishirini na tatu hakuna mtu aliyelitumia.

Kokubanza akatoa mkono kwapani. Akautazama kama ni wa mtu mwingine. Akaweka dole kwenye kibao, akalikandamiza kwa nguvu mno, akaliacha pale hata baada ya kibao kukubali.

Mgawaji alijibu kwa sekunde nne. Rwabihara, kutoka mafungu saba hadi mawili, baada ya siku thelathini. Kyanyamisa, kutoka sifuri hadi matano.

"Haya," Kokubanza akasema. Hakuniangalia. "Kesho unapanda gari na mimi. Utawaambia wewe. Kwa mdomo wako, mbele yao, wakiwa wote. Mimi nitakaa nyuma."

"Nitakuja, dada."

"Usiniite dada."

*

Ilikuwa saa nne asubuhi tulipofika Rwabihara, na jua zuri. Kokubanza alikuwa amepiga simu kusema tu kwamba nakuja na nina neno. Sikumlaumu. Ningekuwa yeye, nisingeweza kusema zaidi kwenye simu.

Kwa hiyo hawakujua. Walijua kwamba wakaguzi wamepita, na kwamba Daktari Hidaya hajawahi kuja na habari mbaya. Walikuwa wamejaa uwanja wa ofisi ya kijiji, wazee mbele kwenye viti, vijana wa mabwawa na makoti yao ya mpira, wanawake waliokuwa wamefunga khanga za sherehe. Nyuma yao kinamasi kilikuwa kijani hadi macho yanapoishia, ndege wanapanda na kushuka, maji yanameta katikati ya mafunjo. Akina Hidaya wote sita walikuwa wamepangwa mstari kwa urefu, wa mwisho amebebwa.

Mwenyekiti akanishika mkono, akanipeleka mbele. Kokubanza akapita katikati ya watu akiitikia salamu, akaenda hadi nyuma kabisa, kama alivyosema, akasimama peke yake kwenye ukuta.

Nilikuwa nimeandaa sentensi ya kwanza njia nzima. Haikuwa na mzaha ndani yake. Nikafungua mdomo kuisema, na kabla haijatoka, mtu mmoja akaanza kupiga makofi, kisha wote. Wanawake wakapiga vigelegele. Vijana wakapiga miguu chini. Mzee mmoja aliyekuwa kwenye kiti alisaidiwa kusimama ili apige makofi akiwa wima.

Nilisimama pale mikono imening'inia, nikasubiri wamalize. Hawakuwa na haraka.